Eneo la uelekezaji

'''Eneo la uelekezaji''' ni kundi la seli za mtandao wa simu za mkononi linalotumika kufuatilia simu ilipo kwa ajili ya huduma ya data. Linapatikana katika mitandao ya kizazi cha pili na cha tatu (GPRS, EDGE na UMTS). Data ya simu zilizomo katika eneo hilo hupitia kifaa kiitwacho SGSN.

Simu inapoingia katika eneo linalohudumiwa na SGSN nyingine, SGSN mpya huitafuta ile ya zamani kwa kuuliza DNS. Kwa sababu hiyo kosa katika DNS linaweza kukata data mpakani mwa maeneo mawili hata kama mawimbi ni mazuri.

== Utambulisho ==
Kila eneo hutambulishwa kwa namba nne:
* MCC: namba ya nchi, kwa mfano 640 kwa Tanzania na 639 kwa Kenya
* MNC: namba ya kampuni ya simu
* LAC: namba ya eneo la mahali, yenye biti 16
* RAC: namba ya eneo la uelekezaji ndani ya eneo hilo la mahali, yenye biti 8

== Jina katika DNS ==
Namba hizo huunganishwa kuwa jina moja linaloishia na ''.gprs''. LAC na RAC huandikwa kwa tarakimu nne za heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16. MCC na MNC huandikwa kwa tarakimu tatu za kawaida. Katika mtandao wa majaribio wenye MCC 001 na MNC 01, eneo lenye LAC 6000 na RAC 21 huitwa:

 rac0015.lac1770.mnc001.mcc001.gprs

Jibu la DNS ni anwani ya IP ya SGSN ya zamani. SGSN mpya huiomba taarifa za mteja kupitia itifaki ya GTP. Isipozipata, kwa kawaida hukataa ombi la simu, mara nyingi kwa sababu namba 9, yaani mtandao umeshindwa kumtambua mteja. Hapo simu hulazimika kujisajili upya na mawasiliano ya data yaliyokuwa yakiendelea hukatika.

== Kuchunguza hitilafu ==
Fundi huuliza jina hilo kwa programu kama ''dig'', akielekeza swali kwenye seva ya DNS inayotumiwa na SGSN mpya. Seva za intaneti ya umma hazifai, kwa kuwa ''.gprs'' haimo humo. Majibu husomwa hivi:
* '''Jina halipo (NXDOMAIN)''': eneo halijaandikwa, au limeandikwa vibaya. Kosa la kawaida ni kuandika ''lac6000'' badala ya ''lac1770''.
* '''Hakuna jibu''': seva imezimika, au njia ya kuifikia imefungwa.
* '''Anwani isiyo sahihi''': eneo lilihamishiwa SGSN nyingine lakini rekodi haikubadilishwa, au seva bado inatunza jibu la zamani hadi muda wake (TTL) uishe.
* '''Anwani sahihi''': DNS haina kosa. Hatua inayofuata ni kuangalia kama ujumbe wa GTP unapita kati ya SGSN hizo mbili, kwa kawaida kwenye mlango 2123 wa UDP.

== Simu zinazotoka LTE ==
LTE hutumia maeneo ya ufuatiliaji na kifaa kiitwacho MME badala ya SGSN. Simu inapotoka LTE na kuingia kizazi cha tatu, namba ya kundi la MME huwekwa mahali pa LAC, na namba ya MME yenyewe mahali pa RAC. Kwa kawaida namba ya kundi huanzia 8000 ya heksadesimali ili isigongane na LAC halisi. Majina hayo pia lazima yawemo katika DNS. Yakikosekana, simu zinazotoka LTE hupoteza data ilhali zile zinazohama ndani ya kizazi cha tatu haziathiriki.