Mwinyi Amani wa Pangani na Baridi ya Kilimanjaro

Kwa Mathias ni mtaa wa mji wa Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda bara. Nchi yake ni ya joto, na miti yake ni mikorosho, miembe na minazi. Mkazi wa hapo aweza kumaliza mwaka mzima bila ya kuhitaji blanketi zito. Lakini kila siku mabasi ya Moshi na Arusha hupita mbele ya macho yake. Na akipanda mojawapo alfajiri, likafika Chalinze na kushika njia ya kaskazini, kabla ya usiku kuingia aweza kusimama chini ya mlima ambao kilele chake kina barafu. Safari ambayo misafara ya zamani iliifanya kwa majuma, leo ni ya siku moja. Wepesi huu umewasahaulisha watu swali moja la historia: mtu wa pwani, aliyezaliwa katika joto na kulelewa karibu na usawa wa bahari, alipopelekwa kwenye vilele vya nchi alipambana na nini? Na nani aliyeyaandika mapambano yake?

Watu wa pwani waliujua Kilimanjaro kabla ya Ulaya kuusadiki. Misafara ya Mombasa na Pangani ilikwenda Uchaga kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na ilirudi na habari za mlima mweupe. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona weupe ule kwa macho yake. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, alipoulizwa ni kitu gani, hakuwa na jina la theluji. Alijibu kwa neno moja tu, baridi. Rebmann alisimuliwa pia habari ya watu waliotumwa na mtawala wa Machame kupanda mlima, kwa kudhani weupe ule ni fedha. Wengi wao hawakurudi. Habari hizi zilipochapishwa Ulaya, mwanachuoni wa London, William Desborough Cooley, alizikanusha kwa miaka mingi, akishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na Ikweta. Mwanachuoni alikuwa na vitabu, na kiongozi wa msafara alikuwa na neno moja. Lakini kweli ilikuwa katika lile neno. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mpaka kadiri ya mita 4,300, theluji ikawaangukia, na ubishi ukakosa nguvu.

Tangu mwanzo, basi, habari za mlima huu zilisimama juu ya watu wa namna mbili: wale waliouandika, na wale waliowaongoza na kuwabebea mizigo walioandika. Historia imewatendea wema wa kwanza. Wa pili hutajwa kwa jumla, kama mtu atajavyo punda na mahema. Mara chache sana jina moja huponyoka katika jumla hiyo likasimama peke yake. Jina la Mwinyi Amani wa Pangani ni mojawapo.

Hans Meyer alikuwa mtu wa Leipzig, wa ukoo wa wachapaji wa vitabu. Mwaka 1887 alijaribu kupanda Kibo, akazuiwa na barafu. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, lakini safari hiyo haikufika mlimani. Pwani ilikuwa imewaka moto kwa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Kijerumani, na vita hivyo vilianzia Pangani. Meyer na Baumann walikamatwa, wakafungwa minyororo, na hawakufunguliwa ila kwa fidia. Mwaka 1889 Meyer alikuja mara ya tatu. Safari hii alifuatana na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa michezo ya viungo kutoka Salzburg, aliyekuwa mpandaji hodari wa milima ya Alps. Kwa sababu ya vita hawakupita njia ya Pangani. Walishuka Mombasa, wakapita Taveta, wakafika Marangu kwa Mangi Mareale.

Meyer alikuwa ameyafahamu makosa yake ya kwanza. Alitambua kuwa Kibo hakimshindi mtu kwa barafu peke yake, bali kwa njaa. Mpandaji aliyelazimika kushuka mpaka vijijini kila chakula kilipokwisha hakuweza kukaa juu siku za kutosha kuijaribu njia mara ya pili na ya tatu. Kwa hiyo aliweka kambi ngazi kwa ngazi: moja Marangu, nyingine penye msitu, na ndogo ya juu kabisa, kiasi cha mita 4,300, upande wa tambarare lililo kati ya Kibo na Mawenzi. Wapagazi walipandisha chakula kutoka chini kila baada ya siku chache. Katika kambi ile ya juu walibaki watu watatu tu: Meyer, Purtscheller na Mwinyi Amani, aliyekuwa mpishi na mlinzi. Walikaa huko zaidi ya majuma mawili.

Ni rahisi kusema mtu alikuwa mpishi. Yafaa kutazama upishi ni kazi gani katika mahali kama pale. Kwenye mita 4,300 mgandamizo wa hewa ni kama sehemu sita katika kumi za ule wa pwani, na kifua hulazimika kuvuta pumzi mara nyingi ili kupata kiasi kile kile cha uhai. Kichwa huuma, usingizi hupungua, na chakula hutia kichefuchefu. Maji huchemka yangali na joto la nyuzi 86 hivi, badala ya 100. Chungu hutokota, mvuke hupanda, na chakula kikakataa kuiva. Mtu wa Pangani, aliyejua tangu utotoni kuwa maji yakichemka wali hauko mbali, hukuta hapo sheria nyingine ya moto. Msitu umeachwa chini, miti hakuna, na kuni ni vijiti vya vichaka vifupi vinavyokusanywa kimoja kimoja juu ya mawe. Usiku maji huganda katika chombo. Asubuhi jua likitoka huunguza ngozi, na upepo huiganda. Katika mahali hapo mtu mmoja alipewa kazi ya kuhakikisha kila siku kwamba pana moto, pana maji na pana chakula kwa wawili waliopanda na kushuka. Kazi hiyo aliitimiza.

Tarehe 3 Oktoba wawili hao walitoka usiku, wakakata ngazi katika barafu kwa shoka, wakafika ukingo wa shimo la Kibo baada ya adhuhuri. Waliona kilele kiko upande wa pili wa ukingo, nao nguvu zimekwisha na mchana unakimbia. Wakarudi. Kama kambi isingalikuwako, au kama ingalikuwako baridi isiyo na moto wala chakula, habari ingalikoma hapo, kama ilivyokoma mwaka 1887. Lakini kambi ilikuwako. Walipumzika, wakala, na tarehe 5 wakapanda kulala katika pango la juu zaidi. Na tarehe 6 Oktoba 1889, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, walisimama juu ya kilele. Meyer alikiita kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Ushindi huo wa tarehe 6 ulizaliwa na kushindwa kwa tarehe 3 kulikopata mahali pa kurudi. Na mahali hapo palikuwa katika mikono ya Mwinyi Amani.

Kungoja ni jaribio la peke yake. Mpandaji ana kilele mbele yake, na tamaa humsukuma. Anayebaki chini hana kilele. Ana baridi ile ile, hewa nyembamba ile ile, na juu yake mzigo wa kutojua kama wenzake watarudi. Mpandaji akifa hufa katika utukufu wa jambo alilolichagua. Mlinzi wa kambi hukaa mahali asipopachagua, kwa ajili ya ujira. Twaweza kusema kwamba ujasiri wa kwanza ni wa kwenda, na wa pili ni wa kutoondoka. Wa kwanza una mashairi na sanamu, na wa pili hauna.

Tena pana jambo la kuitia moyo simanzi. Mwinyi Amani alipokuwa akikusanya vijiti juu ya mawingu, mji wake ulikuwa umekwisha tekwa. Majeshi ya Hermann Wissmann yaliingia Pangani mwezi wa Julai 1889. Na tarehe 15 Desemba mwaka huo huo, siku 70 baada ya Meyer kufika kileleni, Abushiri alinyongwa huko huko Pangani. Mwaka ule mmoja uliwapa Wajerumani kilele cha mlima na bandari ya pwani. Aliyewasaidia kukipata cha kwanza alikuwa mwana wa ile ya pili. Yote yanayojulikana kwake yamo katika kitabu cha aliyemwajiri, ambaye alimsifu kwa uaminifu wake. Sifa hizo ni njema. Lakini sifa za bwana kwa mtumishi haziwezi kuwa historia kamili ya mtumishi. Zinamwonyesha kwa kadiri alivyofaa, si kwa kadiri alivyokuwa.

Kwa upande wa Marangu liko jina jingine, Yohani Kinyala Lauwo. Mwaka 1989, ilipoadhimishwa karne moja ya safari ile, mzee huyu alitokea na ushuhuda kuwa yeye, katika ujana wake, alikuwa kiongozi wa Meyer. Serikali ilimheshimu, na alifariki mwaka 1996 akihesabiwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 120. Kitabu cha Meyer hakimtaji, na watu waliofika kileleni kwa mujibu wa kitabu hicho ni wawili tu. Baadhi ya wasomi wamelitumia jambo hili kuukataa ushuhuda wote. Baadhi ya wazalendo wamelitumia kukikataa kitabu chote. Mwanafunzi wa historia hana haja ya kuharakisha upande wowote. Kitabu kilichoandikwa na mtu aliyetaka kuitwa wa kwanza kina sababu ya kuwa na majina machache. Na kumbukumbu ya mzee iliyokusanywa baada ya miaka 100 ina sababu ya kuwa na mengi. Jambo lisilo na ubishi ni hili: bila ya watu wa Marangu waliojua njia za msituni na wapagazi waliopandisha chakula, hapana mgeni ambaye angalifika.

Hali haikuwa hivyo Kilimanjaro peke yake. Mwaka 1899 Halford Mackinder aliupanda Mlima Kenya, na katika msafara wake walikuwamo Waswahili kutoka Zanzibar. Majina yaliyotangaa ni ya watatu waliokanyaga Batian: Mackinder mwenyewe, na César Ollier na Joseph Brocherel, wote wawili viongozi kutoka milima ya Alps. Hata Tenzing Norgay, Msherpa ambaye dunia nzima ilimjua tangu mwaka 1953, alijulikana kwa kuwa alikanyaga kilele cha Everest pamoja na Edmund Hillary. Washerpa wengi waliobeba mahema mpaka karibu na kilele walibaki katika jumla. Kanuni ya umaarufu mlimani imekuwa moja: jina huandikwa kileleni.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 kanuni hiyo ilitumika kwa haki mpya. Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na kuwasha mwenge wa Tanganyika huru juu ya Kibo, na kilele kilichokuwa na jina la Kaiser kikaitwa Uhuru. Lilikuwa jambo kubwa, na lilistahili kuimbwa. Lakini kubadili jina la kilele ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzijaza kambi zilizo chini yake kwa majina ya waliokaa humo. Nusu hii haijamalizika. Kila mwaka maelfu ya wageni hupanda Kilimanjaro, na kila mgeni huenda na wapagazi, wapishi na viongozi. Kanuni za hifadhi zimeweka mpaka wa kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na tangu mwaka 2003 uko mradi maalumu unaotetea malipo, mavazi na chakula chao. Kwamba ulihitajika mradi wa kutetea chakula cha mtu anayebeba chakula ni dalili tosha ya jinsi jumla ile ya zamani ilivyodumu. Mgeni hurudi na hati ya kufika kileleni. Mpishi aliyebaki kambini hana hati.

Aliye Kwa Mathias akiliona basi la Moshi likipita, huenda akafikiri kwamba milima mirefu ni habari ya watu wengine: ya Wachaga waliozaliwa chini yake, au ya wageni wenye viatu vya misumari. Historia yamkanusha. Mtu wa pwani kama yeye, wa mji wa minazi na joto, aliishi zaidi ya majuma mawili penye maji yanayoganda na chungu kisichoivisha, akauweka moto usizimike. Kileleni hakufika, wala hakutakiwa kufika. Lakini waliofika waliurudia moto wake, na mlima haukupandwa ila kwa moto huo.