Nyumba ya Mahoka: Kutoka Peramiho Hadi Ufukwe wa Nyasa

Kabla kanisa la Peramiho halijateketezwa mwezi Septemba 1905, kuna nyumba nyingine iliyotangulia kuungua. Ilikuwa nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu. Aliyeitia moto hakuwa askari wa Kijerumani bali padri wa misheni, Franziskus Leuthner. Mahoka ni wazee waliokufa ambao hawakuuacha ukoo wao, na katika nyumba hiyo nkosi aliwatajia shida za watu wake kama mtu anavyomweleza baba yake aliye hai. Vita ya Majimaji ilipofika, watu wa Mputa walilichoma kanisa, na Padri Leuthner akauawa mwezi huohuo. Watoto wetu shuleni hufundishwa moto huu wa pili. Ule wa kwanza haufundishwi, na bila huo, wa pili haueleweki.

Nimeifuata njia ya zamani kutoka Songea hadi Ziwa Nyasa nikitafuta mahali mababu walipoabudia. Njia yenyewe siku hizi ni lami: Songea, Kigonsera, Mbinga, kisha kilometa 66 za kona na miteremko hadi Mbamba Bay. Humu ndimo vilimopita vikosi vya Wangoni vikienda kuteka watu na mifugo, wakapita wamisionari na wapagazi wao, na habari za dini zikapita kwa miguu hiyohiyo.

Mjini Songea nilianzia Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Wangoni kwa mkupuo, Mputa Gama akiwa mmojawao, na kila mwaka tarehe hiyo hukumbukwa. Padri Johannes Häfliger aliwabatiza wengi wao kabla ya kitanzi. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mtu ambaye nyumba ya wazee wake ilichomwa na misheni anafuatwa gerezani na misheni ileile, saa zake za mwisho, kupewa jina jipya.

Kwa nini Wangoni waliyapokea maji, ile dawa ya vita iliyotoka Rufiji? Swali hili ndilo linalofungua dini nzima ya kusini. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipandwa na pepo aitwaye Hongo mwaka 1904. Hongo hakuwa peke yake: juu yake alikuwapo Bokero wa Mto Rufiji, na huko Uluguru alikuwapo Kolelo, bwana wa mvua na rutuba. Ngarambe ilijengwa nyumba kubwa iliyoitwa kijumba nungu, nyumba ya Mungu, na watu wakaiendea kutoka mbali wakipanga safu kuchukua dawa na kusikia habari za wafu wao. Hilo lilikuwa hekalu kwa maana zote za neno, lenye mhudumu, mahujaji na sadaka. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa. Siku 10 baadaye Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa pamoja na wenzake upande wa Liwale akiwa safarini kuja huku.

Chabruma, nkosi wa Wangoni wa Mshope, aliyapokea maji kwanza, wengine wakafuata. Wangoni walikuwa watu wa vita, wana wa msafara uliovuka Zambezi mwaka 1835, wenye mahoka yao na dawa zao za vita. Hata hivyo walipokea dawa ya mungu wa Warufiji, na hawakuona kwamba wamewasaliti wazee wao. Dini yenye wakuu wengi haimfungii mgeni mlango. Juu kabisa yupo Muumba, Chapanga. Chini yake wapo wafu wa ukoo, wapo wenye mito, wapo wenye milima, na akija mwingine mwenye nguvu hupewa nafasi. Misheni ilikuja na sharti ambalo dini hiyo haikuwa imewahi kukutana nalo: ukimpokea huyu, waache wale wote. Kwangu mimi, chanzo cha moto wa Peramiho kimo katika sharti hilo kama kilivyomo katika kodi na kazi ya shuruti.

Kutoka Songea hadi Peramiho ni kama kilometa 24. Misheni ilianzishwa mwaka 1898, na Kigonsera mwaka uliofuata. Baada ya vita, njaa iliposafisha vijiji, watu waliingia misheni kwa wingi. Leo kanisa la abasia ni jengo la kumtuliza mtu moyo, na hospitali yake imeokoa maisha yasiyohesabika. Nasema haya kwa shukrani. Vilevile nilitembea nikiuliza nyumba ya mahoka ilisimama wapi, na sikuona hata kibao.

Ukishapita Kigonsera nchi inaanza kuinuka, na ukifika Mbinga uko Umatengo. Hapa hutakuta habari za jumba la nkosi. Wamatengo walipandishwa milimani na mashambulizi ya Wangoni, wakabanana huko juu, na kwa kubanana wakabuni ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Ukitazama mlima kutoka upande wa pili wa bonde unaona mashimo kwa mamia, kila moja likishika maji ya mvua yasiteremke na udongo. Kila ukoo ulikuwa na ntambo yake, yaani mgongo wa mlima kati ya vijito viwili, na sengu yake, mahali pa kula pamoja na kuamua mashauri. Katika nchi iliyogawanywa hivyo, wafu nao wana ntambo. Wamezikwa mle, mashamba ni yao, na anayelima analima kwa idhini yao. Ndiyo maana hapakuwa na haja ya hekalu la wilaya nzima.

Bado pako mahali panapokusanya watu. Jiwe la Mbuji ni mwamba mmoja mkubwa kupita kiasi, na wazee wa huko wanalihesabu kuwa mahali pa matambiko. Ukisimama chini yake hutahitaji kuambiwa kwa nini. Nakuomba tu, ukienda, usikimbilie kupanda na kupiga picha kabla hujaongea na wenyeji. Hapo ni nyumbani kwa watu.

Tambiko lenyewe ni kitu kidogo kwa macho. Kwa jirani zetu Wayao wa Tunduru, mzee huchota unga na kuuachia taratibu kwenye ncha za vidole chini ya mti, akimtaja aliyekufa kwa jina. Unga ukijijenga ukawa kichuguu chenye ncha, ni dalili njema. Ukitawanyika, kuna neno halijakaa sawa. Ukikubali hufunikwa kwa chungu usiku kucha, na alfajiri watu huja kuangalia kama ncha ingali imesimama. Hakuna ukuta, hakuna paa, hakuna kilichobaki ifikapo wiki ya pili. Dini iliyoabudu hivi haikuacha magofu kama Kilwa Kisiwani, na mgeni aliyedhani kwamba watu hawa hawana dini alikuwa anatafuta kuta.

Kutoka Mbinga njia inaporomoka hadi ziwani, ambako joto linakupokea na usipa umeanikwa mchangani. Ng'ambo ya maji ni Malawi. Ufukwe huu ulipata Ukristo wake kwa meli, si kwa njia ya Peramiho. Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu walikuwa na makao kisiwani Likoma, na kanisa kuu lao lililojengwa kuanzia mwaka 1903 likaweka altare mahali ambapo walioshutumiwa uchawi walikuwa wakichomwa moto. Shemasi mkuu William Percival Johnson alihudumia pwani hii zaidi ya miaka 40, akafa mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Kaburi lake huzuriwa na mahujaji. Mtu aliyekufa anatembelewa, anatajwa jina, anaombwa asiwasahau walio hai: sioni kwamba watu wa Liuli walilazimika kujifunza upya namna ya kufanya hivyo.

Liuli ndiyo waliyoiita Wajerumani Sphinxhafen, wakilifananisha jiwe la Pomonda na sanamu ya Sphinx ya Misri. Meli yao Hermann von Wissmann ilizimwa hapa na Waingereza tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu kuanza Ulaya. Vitabu vya vita vinaukumbuka mwamba huu kwa meli hiyo. Wenyeji wanaukumbuka kwa sababu nyingine: uliwaficha wazee wao Wangoni walipokuja.

Ukifuata ufukwe kuelekea kaskazini hadi ncha ya ziwa unafika Unyakyusa, na huko habari zimehifadhika vizuri zaidi. Lwembe, Kyala na Mbasi walikuwa na makao yanayojulikana, na makuhani wa Kikinga waliteremka kutoka milima ya Livingstone na majembe ya chuma kwenda kutambika katika msitu wa Lubaga. Tunayajua haya kwa kina kwa sababu Monica Wilson aliishi Unyakyusa miaka ya 1930, wazee wakiwa hai, akauliza na kuandika hatua kwa hatua. Umatengo na ufukwe wa Mbamba Bay havikupata mtu wa kuandika kwa upana huo. Padri Elzear Ebner aliandika historia ya Wangoni, iliyotoka mwaka 1987, na tunamshukuru, lakini kitabu kimoja hakitoshi mkoa mzima.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani katika vita ile. Ni haki litafutwe. Pamoja nalo naomba mambo mawili. La kwanza, Makumbusho ya Majimaji yaandike ukutani kwamba nyumba ya mahoka ya Mputa ilichomwa kabla ya kanisa, kwa herufi za ukubwa uleule. La pili, halmashauri za Mbinga na Nyasa ziorodheshe misitu, miamba na miti ya matambiko kata kwa kata, kabla haijakatwa kwa ajili ya kahawa na barabara. Na wewe msomaji uliyezaliwa huku, kama babu au bibi yako bado anakumbuka majina yaliyokuwa yakitajwa na mahali yalipotajiwa, nenda ukakae naye mwaka huu, uandike.