Mzabibu Haukuuawa na Ukame: Dodoma, Singida na Historia ya Mnunuzi

Katika hafla moja mjini Singida iliwekwa mezani chupa ya mvinyo mwekundu kutoka Yarra Valley, bonde lililo karibu na Melbourne, Australia. Afisa aliyeketi kando yangu aliisoma lebo kwa sauti, kisha akatueleza kwamba mvinyo mwekundu ulio mzuri hutaka nchi ya baridi, na ndiyo maana sisi hatuuwezi. Nilinyamaza, kama inavyompasa mgeni. Lakini kilometa zipatazo 240 kutoka pale, Dodoma, mvinyo mwekundu umetengenezwa kwa zaidi ya nusu karne. Hoja ile nimeisikia pia katika vikao vya mipango, na huko ndiko hoja dhaifu zinakowagharimu watu mashamba yao.

Tuitazame hali ya hewa yenyewe. Bonde la Yarra liko takribani nyuzi 37 kusini mwa ikweta. Zabibu huiva polepole huko, hubakiza uchachu wake, na mvinyo wake mwekundu huwa mwepesi na wenye harufu nzuri. Singida iko nyuzi 5 tu kutoka ikweta, lakini mji umekaa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, juu kuliko Dodoma yenye mita 1,100 hivi. Anayeijua Singida ya Julai alfajiri hahitaji kuelezwa habari za baridi. Tunachokosa ni majira ya kuulaza mzabibu. Kule Australia hupukutisha majani na kulala wenyewe. Kwetu haulali mpaka mkulima aukate matawi. Kwa sababu hiyo Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa masika na tena kiangazi. Mavuno ya wakati wa mvua husumbuliwa na ubwiri. Yale ya kiangazi ndiyo yenye sukari. Ni mazingira magumu, lakini yanalimika.

Lugha yetu imehifadhi sehemu ya historia hii. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno waliotawala pwani. Divai ni Kifaransa kilichotufikia kwa njia ya wamisionari, na mpaka leo linasikika zaidi kanisani kuliko baa. Mzabibu wa Dodoma nao ulipitia altareni. Inaelezwa kwa kawaida kwamba ulipandwa mwaka 1957 na wamisionari Wakatoliki wa Kiitaliano huko Bihawana, waliohitaji divai ya misa. Kutoka misheni ulihamia katika mashamba ya gereza la Isanga, kisha vijijini kwa Wagogo, watu wa mtama na ng'ombe waliokuwa na pombe yao na wasiohitaji kinywaji cha mgeni. Waliupanda kwa sababu ulileta fedha katika ardhi ambayo mahindi huikimbia.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, zabibu ikawa zao la heshima ya taifa. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikaipa jina aina nyekundu inayojulikana kuliko zote, Makutupora Nyekundu. Kiwanda cha umma, DOWICO, kikawa mnunuzi mkubwa. Hapo ndipo ilipojificha hatari ambayo ripoti nyingi huipita haraka. Alizeti ikikosa mnunuzi, gunia hukaa ghalani likisubiri bei. Mtama hukaa zaidi. Zabibu ya mvinyo ikishakatwa ina siku chache tu. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja na zao la siku chache hana soko. Ana bwana. DOWICO ilipodhoofika na hatimaye kufunga milango, katika kipindi ambacho mashirika mengi ya umma yalianguka, zabibu zilioza mizabibuni. Wakulima wengi waliing'oa. Mvua haikuwa imepungua kuliko miaka ya nyuma, wala jua halikuwa limezidi.

Cha kushangaza ni kwamba bonde la ile chupa lilipitia njia hiyo hiyo. Mizabibu ya kwanza ilipandwa Yarra mwaka 1838, na mwaka 1881 mvinyo wa huko ulitunukiwa zawadi kuu katika maonyesho ya kimataifa ya Melbourne. Kufikia miaka ya 1920 karibu yote ilikuwa imetoweka. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1890 uliwaumiza wenye mashamba, wanywaji wakageukia mvinyo mtamu na mkali, na ng'ombe wa maziwa wakalipa kuliko zabibu. Mizabibu ilirudi miaka ya 1960, walaji waliporudi. Muda wote huo baridi ilikuwepo, ila haikuisaidia.

Kwa nini, basi, mzabibu haukupanda na reli kutoka Dodoma kwenda Manyoni na kuwa zao kubwa la Singida? Udongo wa kichanga upo, kiangazi kirefu kipo, na reli imepita hapo tangu enzi ya Wajerumani. Jibu langu ni kwamba mkulima wa Singida alichagua zao ambalo angeweza kulikamua mwenyewe. Mashine ndogo ya alizeti hukaa kijijini, mafuta huuzwa kandokando ya barabara, mashudu huliwa na mifugo. Si kwamba alizeti ina kinga: mwaka 2023 bei ilianguka baada ya mafuta ya nje kulegezewa ushuru, na Singida ililia. Hata hivyo walilia wakiwa na magunia ndani.

Nayasema haya kwa kuwa Manyoni sasa ni uwanja wa mazao mapya. Korosho imepandwa katika mashamba makubwa ya pamoja, na zabibu hutajwa tena na tena. Viwanda binafsi vilivyofufua mvinyo wa Dodoma tangu miaka ya 2000 vimesaidia, na sheria ya kodi imeupendelea mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Ni hatua njema. Lakini mkulima huuza mbichi, na kilio chake cha kila msimu kinahusu mchuzi wa zabibu: nani ana matangi ya kuukamua na kuuhifadhi, na nani anaruhusiwa kuuingiza kutoka nje. Ushirika wenye matangi yake unaweza kungoja bei. Usio nayo hupokea bei inayotajwa getini, malori yakiwa yamepanga foleni juani.

Magharibi mwa Bahi, si mbali na mpaka wa Manyoni, mzee mmoja alinionyesha lililokuwa shamba lake la mizabibu. Nguzo bado zimesimama. Amezizungushia miiba na kufanya zizi la mbuzi. Nilimuuliza kama angepanda tena. Akaniuliza kama mimi ndiye mnunuzi.