Kidonge kilichomzuia kifaranga kumjua mama

Mayai ya bata yakiatamiwa na kuku, vifaranga humfuata kuku huyo huyo. Wafugaji wanalijua hilo tangu zamani. Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding alieleza alivyofunika vichwa vya vifaranga vya kuku mara tu vilipoanguliwa. Vilivyofunuliwa mapema vilifuata chochote kinachotembea. Vilivyocheleweshwa karibu siku nne vilimkimbia kwa woga. Konrad Lorenz wa Austria akaitangaza tabia hiyo mwaka 1935.

Aliyeingiza dawa katika habari hii ni Eckhard Hess wa Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka ya 1950 alijenga kijia cha duara, akamzungusha humo bata wa mbao mwenye kipaza sauti tumboni. Sauti yenyewe, “gok, gok, gok”, ilikuwa ya binadamu! Vifaranga vya bata havikujali. Vya umri wa saa 13 hadi 16 ndivyo vilivyomshika zaidi akilini “mama” huyo.

Siku hizo Wamarekani walikuwa wakimeza sana meprobamate, kidonge cha kutuliza wasiwasi kilichoingia madukani mwaka 1955. Hess akawapa vifaranga kidonge hicho. Walipopimwa baadaye, waliofunzwa wakiwa na dawa hiyo mwilini walikuwa karibu hawajashika kitu. Waliopewa klopromazini, nayo dawa ya kutuliza, walishika vizuri. Hess akasema ni misuli: meprobamate huilegeza, na kifaranga asiyehisi jasho la kufuata hajifunzi. Kwa maoni yangu alikwama miguuni mno. Leo inajulikana kuwa dawa hiyo huvipa nguvu vipokezi vya GABA, breki ya ubongo.

Jibu la ndani zaidi lilitoka Cambridge. Mwaka 1988 Brian McCabe na Gabriel Horn waliripoti kwamba kifaranga cha kuku kinapomshika mama, vipokezi vya NMDA, vinavyohusika na kujifunza, huongezeka katika sehemu moja ya ubongo, upande wa kushoto. Vikizibwa kwa dawa, kujifunza kunadorora.

Ikabaki hoja ya muda: kwa nini mlango wa kujifunza huku hufungwa baada ya siku chache tu? Watafiti wa Japani walijibu mwaka 2012. Homoni ya tezi ya shingo huingia ubongoni na kuufungua mlango huo. Walipowadunga homoni hiyo vifaranga wa siku nne na sita, ambao kwa kawaida wamekwisha kuchelewa, nao wakajifunza kumfuata “mama” mpya.