Mahalanabis na maji ya chumvi na sukari

Tukihesabu mabingwa wa tiba hapa kwetu Pwani, hatukosi kumtaja Ibn Sina wala Pasteur. Mimi huongeza jina lisilovuma: Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto wa Kolkata, India.

Mwaka 1971, vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwakimbiza watu wapatao milioni 10 hadi India, na kipindupindu kikazuka kambini. Huko Bangaon, Mahalanabis alikuta vyumba viwili vyenye vitanda 16, wagonjwa wamelala sakafuni katika matapishi. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa dripu, nayo ilikuwa ikimalizika.

Akaamua kuwanywesha: gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za magadi kwa lita moja ya maji. Kipindupindu hakizibi njia ya utumbo inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Vikipita hivyo, maji hufuata. Chumvi peke yake haifui dafu. Mwaka 1968, David Nalin na Richard Cash walikuwa wamelithibitisha hilo Dhaka, lakini wagonjwa wao walikuwa chini ya macho ya madaktari. Mahalanabis aliwakabidhi vikombe wazazi na ndugu, wanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Kwangu mimi, kule kumwamini mzazi ndiko kulikokuwa kugumu kuliko hesabu ya gramu.

Nasi ugonjwa huu si mgeni kwetu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, aliuandikia kitabu kizima. Lakini hadi leo nasikia mtoto anayeharisha akinyimwa maji, eti yatamzidishia. La! Kinachomuua ni kukaukiwa.

Paketi za ORS zipo kwenye maduka ya dawa. Ukiikosa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bila kilele. Chumvi isizidi hapo. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha endelea. Akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali, maana hapo anahitaji dripu.