Siri ya Tabibu na Siri ya Maungamo
Mwaka 1969, katika kliniki ya wagonjwa wa nje ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mgonjwa alimfunulia mwanasaikolojia kusudi lake la kuua. Polisi wa chuo waliarifiwa, wakamhoji, wakamwachia. Mlengwa, Tatiana Tarasoff, hakuonywa na yeyote, akauawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba tabibu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa: kwa kumwonya, kuwaarifu polisi, au hatua nyingine ifaayo.

Katekisimu (namba 2491) nayo huruhusu siri ya kazi ifunuliwe pale tu ambapo madhara makubwa hayaepukiki vinginevyo. Siri ya maungamo haina ruhusa hiyo (Kanuni 983). Padre humsihi mwungamaji, hata kwa ukali, aende mwenyewe kwa tabibu, kumtaja hawezi.