Oman: Ufadhili wa masomo na uhaba wa walimu wa usonji

Idadi ya watoto wanaotambuliwa kuwa na usonji nchini Oman imepanda mno katika kipindi kifupi. Lakini walimu waliosomea kuwafundisha bado ni haba, na uhaba huo unahisika zaidi kadiri mtu anavyokwenda mbali na mji mkuu, Muscat.

Utafiti wa kwanza wa kitaifa, uliochapishwa mwaka 2011, ulihesabu watoto 113 wenye umri wa hadi miaka 14, sawa na 1.4 katika kila watoto 10,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta watoto 1,705, sawa na 20.35 katika kila 10,000.

Watafiti wanalihusisha ongezeko hilo na huduma bora za uchunguzi, vigezo vipya vya utambuzi na mwamko wa wazazi. Kwa maneno mengine, watoto hao walikuwapo tangu zamani. Daftari ndilo halikuwa na majina yao.

Usonji, ambao kwa Kiarabu huitwa tawahhud, ulielezwa kitaalamu na daktari Leo Kanner mwaka 1943. Mtoto mwenye hali hiyo hupata taabu katika kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, na hushikilia mno mazoea yake. Si maradhi ya kuambukiza, wala si matokeo ya malezi mabaya. Hakuna dawa ya kuuondoa, na kwa sababu hiyo mwalimu huwa na nafasi ambayo katika hali nyingine angekuwa nayo tabibu.

Masafa

Mkoa wa Ash Sharqiyah uligawanywa mwaka 2011 ukawa miwili: Kaskazini, wenye makao makuu Ibra, na Kusini, wenye makao makuu Sur. Ad Dakhiliyah makao yake makuu ni Nizwa. Ni sehemu zenye udugu wa siku nyingi na Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki, na hadi leo zipo nyumba ambamo Kiswahili husikika kila siku.

Kutoka miji hiyo mitatu hadi Muscat ni safari ya kiasi cha kilomita 160 hadi 200. Masafa hayo yana uzito, kwani shule za kwanza za serikali za elimu maalumu, yaani ya viziwi, ya wenye ulemavu wa akili na taasisi ya wasioona, zote zilijengwa katika eneo la Muscat. Ni mwaka wa masomo 2005/06 ndipo mpango wa kuwachanganya wanafunzi hao na wenzao katika shule za kawaida ulipoanza.

Kwa bahati mbaya, ilikuwa pia katikati ya miaka ya 2000 ambapo vyuo vya ualimu vya Sur na Nizwa viligeuzwa kuwa vyuo vya sayansi tumizi. Nchi ilihitaji wahasibu na mafundi wa kompyuta, na uamuzi huo ulikuwa na hoja zake. Hata hivyo, mikoa hiyo ilipoteza vyuo vya serikali vilivyokuwa vikiwaandaa walimu karibu na kwao. Mwaka 2020 vyuo hivyo viliunganishwa na vingine kuunda Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi. Vyuo vikuu binafsi navyo viko: cha Nizwa, kilichofunguliwa mwaka 2004, na cha A'Sharqiyah mjini Ibra.

Pengo hilo halikuwa la vijijini pekee. Utafiti kuhusu walimu wa shule za kawaida nchini Oman, uliochapishwa mwaka 2015, ulibaini kwamba dhana potofu kuhusu usonji zilikuwa za kawaida miongoni mwao.

Masharti ya ufadhili

Kwa miaka mingi mwalimu wa Ghuba anayetaka shahada ya uzamili ya elimu maalumu ameweza kwenda Bahrain, kwenye Chuo Kikuu cha Ghuba ya Arabuni, au Jordan, Uingereza na Marekani. Serikali ya Oman hutoa ufadhili wa masomo ya ndani na nje. Swali zito zaidi ni la baadaye: mhitimu atarudi wapi?

Nchini Marekani, anayesomeshwa elimu maalumu kwa fedha za serikali kuu chini ya sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu hutakiwa kufanya kazi miaka miwili kwa kila mwaka mmoja aliofadhiliwa; akishindwa, hulipa fedha hizo. Sharti hilo lina nguvu, lakini halimlazimishi kwenda mji fulani. Kwa Oman sharti la namna hiyo halitoshi, kwa kuwa mhitimu angeweza kulitimiza lote akiwa Muscat huku Sur ikisubiri.

Lipo pia suala la vyeti. Wengi katika Ghuba walikuwa wakisomea cheti cha uchambuzi wa tabia kinachotolewa na bodi ya Marekani. Kuanzia Januari 2023 bodi hiyo iliwafungia mlango waombaji wapya wa nchi nyingi, Ghuba ikiwamo. Anayejaza fomu leo inampasa aulize mapema kozi yake itamfikisha kwenye cheti gani.

Lugha nayo isisahauliwe. Familia zinazozungumza Kiswahili na Kiarabu huwa na hofu kwamba lugha mbili zitamchanganya mtoto, na baadhi huacha moja. Utafiti uliofanywa Canada na kuchapishwa mwaka 2012 haukuona kwamba watoto wenye usonji waliolelewa kwa lugha mbili walichelewa zaidi kuliko waliolelewa kwa lugha moja. Kwa mtoto wa Ibra ambaye bibi yake humbembeleza kwa Kiswahili, kumnyima lugha hiyo ni kumpunguzia mtu wa kuzungumza naye.

Mbali na shule, vipo vituo vya Al-Wafa vilivyo chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, vilivyotawanyika katika wilaya mbalimbali. Vilianza kwa nguvu za wanawake wa kujitolea wa mahali penyewe. Shahada ya uzamili humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza, na kwa sharti hilo mwanamke aliyekaa na watoto hao miaka mingi bila shahada hawezi hata kuomba. Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, na Tanzania ina chuo cha Patandi mkoani Arusha. Vyote viwili husomesha pia walimu wa ngazi ya stashahada.